Kutoka kontena hadi rafu ya duka: teknolojia za kutambua bidhaa na kunasa taarifa zake kiotomatiki

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa jumla mwenye ghala Bwiza huweza kuandika jina la bidhaa ileile mara sita kabla haijamfikia mteja: kwenye oda, kwenye orodha ya upakiaji, kwenye tamko la forodha, kwenye daftari la ghala, kwenye ankara na kwenye daftari la madeni. Kila inapoandikwa upya kwa mkono kuna nafasi nyingine ya kukosea. Tarakimu moja ikipotea mpakani, gari hulala njiani. Ikipotea ghalani, mtu hutuhumiwa wizi.

Teknolojia za kutambua bidhaa na kunasa taarifa kiotomatiki zilibuniwa ili kupunguza uandishi huo wa kurudiarudia. Makala hii inaeleza teknolojia hizo ni zipi, zinafanyaje kazi katika njia ya biashara inayoileta mizigo Bujumbura, na mwenye duka la kawaida aanze na ipi.

Maana yake kwa ufupi

Kila mfumo wa aina hii una sehemu tatu. Ya kwanza ni alama inayobandikwa kwenye kitu: mistari, miraba, chipu au namba iliyochapwa. Ya pili ni kifaa cha kuisoma, yaani skana, simu yenye kamera au antena. Ya tatu ni kumbukumbu, yaani faili au programu inayosema namba fulani ni kitu gani, kina bei gani na kimebaki kiasi gani.

Wanunuzi wengi hutumia fedha zao kwenye sehemu ya pili na kuisahau ya tatu. Ni vizuri ieleweke mapema kwamba alama kwa kawaida hubeba namba tu. Bwiza barabara nyingi hutajwa kwa namba, na mkazi akisikia "avenue ya sita" anajua pa kwenda kwa sababu ramani anayo kichwani. Mgeni akisikia namba hiyohiyo haimsaidii. Ndivyo ilivyo kwa msimbo wa bidhaa: usipokuwa na kumbukumbu sahihi nyuma yake, ni tarakimu tupu.

Safari ya mzigo: kila hatua na namba yake

Bidhaa nyingi za ng'ambo zinazouzwa Bujumbura hupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri kwa barabara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, au hufika Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwa meli. Tufuate kontena moja.

Kontena lenyewe lina kitambulisho cha herufi 4 na tarakimu 7, kwa utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 6346. Mfano unaotumika sana vitabuni ni CSQU3054383. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, herufi U inaonyesha kuwa ni kontena la mizigo, tarakimu sita zinazofuata ni namba yake, na tarakimu ya mwisho, hapa 3, ni ya ukaguzi. Tarakimu hiyo hupatikana kwa hesabu inayohusisha herufi na namba zote zilizotangulia. Karani akibadilisha nafasi za 5 na 4 akaandika 3045383, hesabu inakataa, na mfumo wa kompyuta ulioandaliwa vizuri hautampokea. Karani anayeandika kwenye karatasi hana wa kumzuia. Makosa ya namna hii ndiyo huonekana baadaye mpakani, pale hati inaposema hivi na mlango wa kontena unasema vile.

Hatua ya pili ni forodha. Mfumo wa ASYCUDA, unaojulikana kwa Kifaransa kama SYDONIA, ulianza kutengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD mwaka 1981 na ndio unaotumiwa na Burundi. Tanzania iliacha toleo lake la ASYCUDA na kuingia mfumo wa TANCIS mwaka 2014. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ambapo tamko huwasilishwa katika nchi mzigo unakokwenda na idhini hutolewa mzigo ukiwa bado kwenye bandari ya kwanza ya kuingilia. Maana yake ni kwamba taarifa hutangulia mbele ya gari. Kwa mfanyabiashara faida yake ni kubwa, lakini sharti ni moja: taarifa ya kwanza iwe sahihi, kwa kuwa ndiyo itakayosomwa Dar es Salaam, Kobero na Bujumbura.

Hapa watu wengi huchanganya namba mbili. Namba ya ushuru, inayotokana na mfumo wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika Januari 1988, hueleza aina ya bidhaa ili ijulikane itozwe kiasi gani. Ina tarakimu 6 za kimataifa, na kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki huwa 8. Sabuni za kampuni kumi tofauti zinaweza kuwa na namba moja ya ushuru. Msimbo ulio kwenye pakiti ya sabuni hutofautisha kampuni na kampuni, na hata kipande cha gramu 200 na cha gramu 400. Moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine. Orodha nzuri ya upakiaji huwa na zote mbili kwenye mstari mmoja.

Hatua ya tatu ni lakiri. Mizigo ya kupita nchi kwa nchi hufungwa lakiri yenye namba, na kwa baadhi ya shehena hutumika lakiri ya kielektroniki inayotuma taarifa za mahali gari lilipo na kupiga king'ora ikivunjwa. Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa ufuatiliaji wa aina hiyo mwaka 2017, na Tanzania nayo ina mfumo wake kwa mizigo ya kupita. Mwenye mzigo aombe namba ya lakiri kutoka kwa wakala wake siku gari linapoondoka, kisha ailinganishe yeye mwenyewe na ile iliyo mlangoni kabla ya kontena kufunguliwa ghalani.

Msimbomilia: mistari inayosomwa

Alama inayojulikana zaidi ni mistari myeusi na myeupe, ambayo Watanzania wameipa jina la msimbomilia na wengi mitaani huiita bakodi. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza ya wazo hilo mwaka 1952. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kuingia dukani: tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya bazoka ya Wrigley's ilipitishwa kwenye skana na kulipiwa. Mwaka 1977 nchi za Ulaya zilianzisha utaratibu wao wa tarakimu 13, unaoitwa EAN-13, na huo ndio unaoonekana kwenye bidhaa nyingi za madukani kwetu. Shirika linalosimamia namba hizo duniani linaitwa GS1 tangu mwaka 2005.

Namba ya tarakimu 13 husomwa hivi. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha ofisi ya GS1 iliyotoa namba: 616 ni Kenya, 620 ni Tanzania, 690 hadi 699 ni China, 890 ni India, 629 ni Falme za Kiarabu. Zinazofuata ni za kampuni na za bidhaa. Ya mwisho ni ya ukaguzi.

Wateja wengi huamini kuwa 616 maana yake bidhaa imetengenezwa Kenya. Si lazima. Maana yake ni kwamba kampuni ilichukua namba kupitia ofisi ya Kenya. Kabla GS1 Tanzania haijaanzishwa mwaka 2011, wazalishaji wa Tanzania walikuwa wakichukua namba nje ya nchi, na bidhaa zao halisi zilibeba utambulisho wa Kenya au Afrika Kusini. Kwa hiyo afisa au mnunuzi anayetaka kujua asili ya bidhaa aangalie cheti cha uasilia na maandishi ya pakiti, asitegemee tarakimu tatu.

Tarakimu ya ukaguzi kila mtu anaweza kuihesabu kwa kalamu. Tuchukue namba ya mfano 616000012345, tutafute ya 13.

1. Jumlisha tarakimu zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+6+0+0+2+4 = 18.
2. Jumlisha zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 1+0+0+1+3+5 = 10. Zidisha kwa 3: 30.
3. Jumla ni 48. Kinachohitajika kufikia kumi inayofuata, yaani 50, ni 2.

Namba kamili ni 6160000123452. Mtu akikosea tarakimu moja yoyote, hesabu haitaoana na skana haitalia. Akibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani hugunduliwa pia, isipokuwa pale tofauti yao ni 5, kama 1 na 6. Kinga hii ipo hata kwa mtu anayeandika namba kwa vidole, mradi programu yake inafanya hesabu hiyo.

Ni muhimu pia kujua ambacho msimbo huu haubebi. Haubebi bei, haubebi tarehe ya kuisha muda, haubebi namba ya fungu la uzalishaji. Maziwa ya unga ya mwaka jana na ya mwaka huu yana msimbo uleule. Mwenye duka anayetaka kuuza ya zamani kwanza lazima aandike tarehe mwenyewe wakati wa kupokea.

Katoni na kipande: kosa linalogharimu

Kosa kubwa katika maduka ya jumla na rejareja ni kuchanganya katoni na kipande. Kwa kawaida kipande kina msimbo wake wa tarakimu 13 na katoni ina wake, mara nyingi wa tarakimu 14 uliochapwa kwa mistari minene ubavuni. Ikiwa duka linauza vyote viwili, lazima kumbukumbu ijue kwamba katoni moja ni vipande vingapi.

Tuseme duka limepokea katoni 10 za sabuni, kila katoni vipande 24, yaani vipande 240. Kwa juma moja limeuza katoni 7 na vipande 50. Vilivyotoka kweli ni 168 na 50, jumla 218, na rafuni vimebaki 22. Lakini muuzaji, kwa kutojua au kwa haraka, alipouza katoni alipiga skana kwenye kipande kimoja. Kompyuta imepunguza 7 na 50, yaani 57, na inasema vimebaki 183. Tofauti ni vipande 161.

Mwenye duka akirudi kutoka safari na kukuta tofauti hiyo, mtu wa kwanza kuulizwa ni kijana wa kaunta. Kama kijana huyo ni mtoto wa dada au amedhaminiwa na jirani, jambo halitaishia dukani. Kabla ya kumtuhumu mtu, fungua orodha ya mauzo utazame kama kuna mauzo ya kipande kimoja kwa bei ya katoni. Yakionekana, tatizo ni la mpangilio wa kumbukumbu, na dawa yake ni kusajili msimbo wa katoni pamoja na idadi yake siku mzigo unapoingia.

Bidhaa zisizo na msimbo

Sehemu kubwa ya biashara ya Bwiza ni ya vitu visivyo na pakiti ya kiwandani: mchele na maharage ya kupima, ndagala wakavu, vitenge, vipuri vilivyotumika, marobota ya mitumba. Hapa duka huweza kutengeneza namba zake. Utaratibu wa GS1 umetenga namba zinazoanza na 20 hadi 29 kwa matumizi ya ndani, hivyo haziwezi kugongana na za kiwanda chochote. Baadhi ya mizani za kielektroniki huchapa lebo yenye namba ya aina hiyo, ikiwa na uzito au bei ndani yake. Namba hizo zina maana ndani ya duka moja tu. Usizitumie kwenye bidhaa unayotaka kuuza Kigali au Kigoma. Anayesindika bidhaa yake na kutaka iingie kwenye maduka makubwa ya jirani anapaswa kusajiliwa na GS1 na kupewa namba halali, kwani namba ya kuazima au ya kununua kwa mtu wa kati huweza kukutwa tayari ni ya bidhaa ya mwingine.

Kwa uchapaji, kumbuka mambo manne. Mistari iwe myeusi au bluu iliyokolea juu ya nyeupe. Mistari myekundu haionekani kwa skana ya mwanga mwekundu. Acha nafasi nyeupe pande zote mbili. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, na usipunguzwe chini ya asilimia 80. Mwisho, lebo za karatasi ya joto, kama zile za risiti, hufifia kwa jua na joto. Kwa bidhaa itakayokaa ghalani miezi mingi tumia lebo za utepe wa wino.

Misimbo ya miraba

Msimbo wa QR ulibuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari. Hubeba taarifa nyingi kuliko mistari, husomwa kutoka upande wowote, na huweza kusomeka hata sehemu yake ikichafuka. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha kuusoma. Angalia unaponunua skana: zile za bei ya chini zinazotumia mwanga wa leza husoma mistari tu, si miraba.

Ndugu yake ni DataMatrix, mraba mdogo unaoonekana kwenye visanduku vya dawa. Huu, tofauti na EAN-13, huweza kubeba tarehe na fungu. Kwenye maandishi yaliyo karibu nao, 01 hutangulia namba ya bidhaa, 17 tarehe ya kuisha muda, 10 fungu na 21 namba ya kisanduku kimoja. Tarehe huandikwa mwaka, mwezi, siku. Hivyo 17 ikifuatwa na 280930 ni tarehe 30 Septemba 2028. Mwenye duka la dawa anayepokea visanduku mia moja anaweza kujua kwa dakika chache vipi vitaisha muda kwanza. GS1 imeweka lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 mashine za malipo madukani ziweze kusoma miraba sambamba na mistari, kwa hiyo anayenunua skana mpya ni busara achague inayosoma vyote.

Chipu za redio

Teknolojia ya RFID hutumia chipu na antena ndogo ndani ya lebo. Msomaji hurusha mawimbi ya redio na chipu hujibu kwa namba yake. Lebo za kawaida hazina betri, na zile za masafa ya juu husomwa kutoka mita kadhaa, nyingi kwa mara moja, bila kuonekana kwa macho. Maduka makubwa ya nguo duniani hutumia njia hii kuhesabu maelfu ya nguo kwa muda mfupi.

Kwa maghala ya Bwiza matumizi yake ni finyu. Chuma huakisi mawimbi na vimiminika huyameza, hivyo mabati, makopo, madumu ya mafuta ya kula na kreti za vinywaji husomeka kwa shida. Isitoshe, kila lebo ni gharama inayorudi kila mzigo, wakati msimbomilia umeshachapwa na kiwanda. RFID inafaa zaidi kwa vitu vichache vya thamani vinavyokwenda na kurudi: magari kwenye lango, mitambo ya kukodisha, mitungi ya gesi.

Lebo bila mzigo

Alama hazikuanza na kompyuta. Gunia la kahawa linalosafirishwa nje huwekwa alama ya Shirika la Kimataifa la Kahawa, yenye namba ya nchi, ya msafirishaji na ya fungu. Katika madini, mpango wa iTSCi uliweka lebo zenye namba na msimbomilia kwenye magunia ya bati, tantalamu na wolframu katika Kongo, Rwanda na Burundi, ili mnunuzi ajue yametoka mgodi gani.

Uzoefu wa madini una funzo kwa kila mfanyabiashara. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo wameripoti lebo kuuzwa na kufungwa kwenye magunia yaliyotoka kwingine. Skana ilisoma namba halali, na mfumo ukakubali. Mfumo hujua lebo tu; hauwezi kujua kilicho ndani ya gunia. Ndiyo maana uzito, idadi na jicho la mtu anayepokea haviondoki kwa sababu tu mashine imefika. Tanzania ilipoanza stempu za kodi za kielektroniki mwaka 2019 kwa vinywaji na sigara, na Kenya ilipoweka mfumo wake mwaka 2013, ukaguzi wa maafisa madukani uliendelea kwa sababu hiyohiyo.

Risiti, kodi na malipo

Serikali za eneo hili nazo zimekuwa zikinasa taarifa za mauzo moja kwa moja. Kenya ilianza mashine za risiti mwaka 2005, Tanzania ikafuata na EFD mwaka 2010, Rwanda na EBM mwaka 2013, na Uganda na EFRIS Januari 2021. Burundi, iliyoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani Julai 2009, imeingia pia kwenye ankara za kielektroniki chini ya Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, katika miaka ya 2020.

Wengi huichukulia mashine ya risiti kama mzigo wa kodi tu. Lakini ankara ya kielektroniki ni kumbukumbu ya mauzo ambayo tayari umeilipia. Ukitumia majina na namba zilezile za bidhaa kwenye ankara na kwenye ghala, hesabu ya mauzo itapunguza ghala bila kuandikwa tena. Ukitumia neno "bidhaa mchanganyiko" kila siku, utakuwa na risiti na bado hutajua ulichouza.

Malipo ya simu, kama Lumicash, huacha namba ya muamala. Iandike kwenye ankara. Thibitisha malipo kwenye simu yako mwenyewe, usikubali ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, kwani ujumbe ni rahisi kughushiwa.

Mwenye duka aanzie wapi

Hakuna sababu ya kununua kila kitu siku moja. Utaratibu ufuatao unafaa kwa duka lenye wafanyakazi wawili au watatu.

1. Andika orodha ya bidhaa zako. Kila bidhaa na kila ukubwa uwe na mstari wake: namba, jina, kipimo, idadi ndani ya katoni, bei ya kununua, bei ya kuuza. Kazi hii ni ya siku kadhaa na hakuna mashine itakayokufanyia.
2. Hesabu bidhaa 20 zinazobeba fedha nyingi zaidi. Anza nazo tu.
3. Tumia simu kusoma misimbo kwa mwezi mmoja. Ukiona simu inachelewesha kaunta, nunua skana ya waya. Skana ya kawaida ya USB hufanya kazi kama kibodi: inaandika namba na kubonyeza kitufe cha kuingiza, hivyo inafanya kazi na programu karibu yoyote.
4. Piga skana wakati wa kupokea, si wakati wa kuuza peke yake. Duka linalorekodi yanayotoka bila yanayoingia halitapata salio.
5. Hesabu rafu moja kila juma na ulinganishe na kompyuta. Tofauti ikionekana mapema, chanzo chake hupatikana.
6. Weka daftari la dharura kaunta. Umeme wa Regideso ukikatika, mauzo yaandikwe na kuingizwa jioni hiyohiyo.

Tahadhari moja kwa wanaotumia jedwali la kompyuta: safu ya namba iwekwe kama maandishi kabla ya kuingiza chochote. Vinginevyo sifuri za mwanzo hufutwa, namba za tarakimu 13 huonyeshwa kwa kifupisho kama 6.16E+12, na namba za tarakimu 18, zinazotumika kwenye palati, hubadilishwa tarakimu zake tatu za mwisho kuwa sifuri bila onyo lolote.

Nakala nje ya duka

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Waliopoteza bidhaa walikuwa wengi, na wengine walilazimika kuanza upya katika masoko ya vitongoji. Kwa aliyekuwa akiweka daftari kibandani, moto ulichukua mali pamoja na uthibitisho wa mali: alichokuwa nacho, alichodai na alichodaiwa. Bila orodha ni vigumu kuongea na benki, kampuni ya bima au msambazaji anayedai fedha zake. Mdaiwa naye anaweza kunyamaza.

Hili ndilo jambo ambalo taarifa zilizonaswa kwa kompyuta au simu hulifanya vizuri kuliko karatasi, kwa sababu nakala yake haina uzito. Kila jioni tuma faili la ghala na la madeni kwenye barua pepe yako, au liweke kwenye kadi ya kumbukumbu inayolala nyumbani na si dukani. Piga picha ankara za ununuzi siku zinapofika. Mara moja kwa mwezi jaribu kufungua nakala hiyo kwenye kifaa kingine, kwa kuwa nakala isiyofunguka si nakala.

Kwa anayesoma makala hii akiwa na duka lisilo na skana wala kompyuta, kazi hiyo inaweza kuanza leo kwa simu aliyonayo: apige picha kurasa za daftari la madeni, azitume kwa mtu wa nyumbani, kisha aanze orodha ya zile bidhaa 20.